Binti yangu aliganda darasani wakisoma kitabu cha fasihi, nimtoe kwenye somo au nimwache azoee?

Mama_Mlezi
Habari za saa hizi wadau. Naombeni ushauri, hasa walimu na waliowahi kulea mtoto aliyepitia mambo mazito.

Nakaa na binti wa marehemu dada yangu, ana miaka 16, yuko sekondari. Yaliyompata sitayaandika hapa maana ni yake si yangu, itoshe kusema akiwa mdogo alifanyiwa ukatili na mtu mzima ambaye nyumba nzima ilimwamini, kesi ikaenda ikaisha, ndo akaja kwangu. Kwa kweli alikuwa ametulia, analala vizuri, anacheka, shuleni anafanya vizuri, mimi nikajua yale yameshapita.

Muhula huu wameanza kitabu kipya cha fasihi na kina sura moja mbaya sana, kuna msichana anafanyiwa vilevile. Mwalimu wao huwa anagawa wahusika, wewe soma maneno ya baba, wewe ya jirani, sasa yeye akaangukiwa na maneno ya yule msichana. Anasema alisoma kama mistari miwili hivi afu sauti za darasa zikawa zinatokea mbali, maandishi anayaona ila hayasomeki, vidole vimekufa ganzi, kasimama tu na kitabu mkononi. Wenzake wakadhani anazingua wakaanza kucheka, mwalimu akamwambia kaa chini unatupotezea muda, akapewa mwingine akaendelea pale pale alipoishia. Tangu hapo siku yenye kipindi cha fasihi asubuhi tumbo linamuuma, usiku halali bila taa, na ukimwita kwa nyuma anashtuka mpaka unajisikia vibaya.

Nataka niende kwa mkuu wa shule aondolewe kwenye hilo somo, lakini ni somo la mtihani. Mume wangu anasema tukimtoa hapa tutamtoa wapi na wapi, aachwe azoee. Na huyo mwalimu nitamwambia nini bila kumwanika mtoto? Nimechanganyikiwa jamani.

chaki_nyeupe
Pole sana mama. Mimi nafundisha fasihi, na huo utaratibu wa kugawa wahusika nautumia sana kwa sababu unachangamsha darasa, ila kuna sura simgawii mtu, nasoma mwenyewe au nasimulia kwa ufupi tunaenda kwenye uchambuzi, maana mbele yangu nina watoto wengi na sijui nani kapitia nini. Na sitakiwi kusubiri mpaka nijue.

Usianzie kwa mkuu wa shule. Ukianzia juu mwalimu atajiona kashtakiwa, atakuja kajihami, na habari ya mtoto itapita masikio mengi kabla ya kumfikia mtu anayehusika. Mtafute yeye mwenyewe, isiwe mlangoni mwa darasa wala zile dakika za mapumziko, mwombe muda. Tena inawezekana kabisa hajui alichokiona siku ile, kwetu sisi mwanafunzi aliyesimama kimya na kitabu tunasema huyu hajajiandaa, basi.

Kuhusu mtihani punguza presha. Maswali ya fasihi mara nyingi yanakuja kwenye dhamira, wahusika, mbinu za kisanaa, hakuna atakayemwambia asimulie tukio lenyewe hatua kwa hatua. Mtu anajibu vizuri tu akijua sura ile imebadilisha nini kwenye hadithi, nani alijua, nani alinyamaza, watu wa pale walifanya nini. Kumtoa kwenye somo zima ni kumnyima kitabu kizima kwa sababu ya kurasa chache. Angalieni pia kama mtihani wenu unaruhusu kuchagua swali au kitabu.

Kisiki_cha_Mpingo
Mi naungana na mumeo. Watoto wa siku hizi mmewadekeza, enzi zetu tulisoma vitabu vyote hivyo, tulichapwa, tulifiwa, hakuna aliyeitwa ofisini kubembelezwa na tumekuwa watu. Mambo ya kiwewe sijui nini hayakuwepo. Akikimbia kitabu leo kesho atakimbia kazi.

Nanga
Kisiki yalikuwepo mkuu, ila hayakuwa na pa kuandikwa. Askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliorudi wanatetemeka na kupoteza sauti bila jeraha lolote mwilini, wengine waliambiwa ni waoga tu, na ilifika mwaka 1980 ndipo hali hii ikaingia rasmi kwenye mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani kwa jina inalotumia mpaka leo, PTSD. Na hao unaosema wamekuwa watu, wengine tunawapokea sisi wakiwa na miaka hamsini, hawajawahi kumwambia mtu.

Mama, mimi ni mshauri nasaha, kazi yangu ni vijana. Alichofanya binti ni kuganda, si kiburi wala uvivu. Mwili ukihisi hatari kubwa unapigana, unakimbia au unaganda, na mtoto aliyezidiwa nguvu na mtu mzima mara nyingi siku ile kuganda ndo njia pekee iliyobaki, kwa hiyo ndo inayojirudia. Ile sehemu ya ubongo inayonusa hatari, amigdala, haisubiri sehemu ya mbele inayofikiri na kupanga maneno iseme hiki ni kitabu tu, hapa ni shuleni. Ni kama mbwa wa ulinzi ambaye nyumba yake iliwahi kuvamiwa, sasa anabwekea kila kivuli. Ndo maana maandishi anayaona na hayasomeki, na ndo maana ukimwambia jikaze dakika ile hakuna anayekusikia.

Kwamba alitulia afu imerudi isikutishe sana, tunaiona mara kwa mara kwa umri huu. Alipokuwa mdogo hakuwa na picha kamili ya alichofanyiwa, sasa amekua, mwili umebadilika, anaelewa, na kitabu kimekuja kumsomea kwa maneno mbele ya darasa.

Sasa wewe na mumeo kila mmoja ana nusu. Kukwepa kunampa nafuu leo na kunalisha hofu ya kesho, kwenyewe ni mojawapo ya dalili tunazoziangalia tunapopima hali hii, inaanza sura, inakuja somo, inakuja siku nzima, mwisho shule. Hapo mumeo yuko sahihi. Lakini kusukumwa asimame asome mbele ya watu wanaocheka hakumzoeshi kitu, kunamrudisha kulekule, hana sauti na hana pa kutokea. Hata tiba inamkutanisha na kumbukumbu, tena kwa makusudi kabisa, ila kidogo kidogo, na mtu aliyesomea, na mtoto ndo anashika usukani. Mimi naangalia nani anaamua.

Kwa hiyo nina swali moja. Umeeleza unachotaka wewe na anachotaka mumeo. Mwenyewe anataka nini?

siti_ya_nyuma
Niongee kama niliyewahi kuwa huyo mtoto. Mimi ilikuwa ajali ya gari na kilichonikamata wala si fasihi, ni fizikia. Mada ya migongano, mwalimu kaleta video ya yale magari ya majaribio yanagongeshwa ukutani, yenye midoli ndani. Hakuna damu hakuna kitu, ni ile sauti tu ya bati linavyojikunja, nikajikuta nimeshika ukuta wa korido na sikumbuki nimetokaje darasani. Nasema hivi kwa sababu watu wanadhani ni vitabu vya huzuni tu, kumbe inaweza kuwa harufu ya maabara, inaweza kuwa mlango umepigwa.

Wazazi wangu walienda shule kwa nia njema wakaeleza kila kitu. Baada ya hapo walimu wote wakawa wananiongelesha kwa sauti ya msibani. Siku nyingine yule mwalimu, naye kwa nia njema, akatangaza mbele ya darasa kwa jina langu kabisa, fulani leo kuna video, kama hujisikii unaweza kutoka. Vichwa vyote vikageuka. Nikakaa nikaangalia video mwanzo mwisho, si kwa ushujaa, ni aibu ya kuinuka.

Kilichonisaidia kilitoka kwa mwalimu mwingine kabisa, wa jiografia. Alinihamishia dawati la karibu na mlango wakati anabadilisha viti vya darasa zima ili nisionekane peke yangu, akaniambia ukiona mambo yanazidi weka rula juu ya daftari lako ulilolifunga afu toka, usinyooshe mkono, nenda maktaba, rudi ukiwa tayari, sitakuuliza. Na niliitumia mara chache sana hiyo ruhusa. Kujua natoka muda wowote ndo kulinikalisha.

Doto_wa_Pili
Mbona mnazunguka, si walimu watoe onyo tu mwanzo wa kipindi, leo tunasoma mambo mazito anayeona hawezi atoke, kama mitandaoni wanavyoandika kabla ya video.

Nanga
Doto wengi wanafikiri hivyo ila onyo tupu limepimwa na halijafanya kazi tuliyoitarajia. Mwaka 2023 Victoria Bridgland na wenzake walikusanya tafiti 12 za maonyo ya namna hiyo wakakuta maumivu ya watu hayapungui kwa kuwa wameonywa, kinachoongezeka ni wasiwasi wa kusubiri kabla kitu hakijaanza. Na inaeleweka, kumwambia mtu kuna shimo mbele afu usimwonyeshe pa kupita umemsaidia nini. Tunachozungumzia hapa ni mpango, anajua siku, anajua ukurasa unaoanzia na unaoishia, anajua atafanya nini na nani anajua atafanya nini. Onyo la dakika ile ile mbele ya wenzake lilimfanyia nini siti_ya_nyuma umesoma mwenyewe.

Kisiki_cha_Mpingo
Basi na mimi wangu hesabu zinamtia kiwewe, nikamwombee ruhusa ya rula 😂

chaki_nyeupe
Kisiki, hesabu hazijamfuata chumbani usiku. Tuendelee.

Mama_Mlezi
Nimesoma yote, asanteni, na wewe siti_ya_nyuma Mungu akubariki nimelia kidogo.

Swali la Nanga lilinikaa kichwani. Jana tukiwa tunakunja nguo, sikumkalisha kikao, nikamuuliza tu hivi ile sura ya kitabu ungependa iweje. Akanyamaza muda, akaendelea kukunja, nikadhani hatajibu. Afu akasema hataki kutolewa. Akasema nikitolewa watajua, saa hizi wanadhani sijui kusoma na hiyo naiweza. Anachotaka ni asisome kwa sauti, na ajue ni siku gani, maana kinachomuua ni kuingia kila kipindi hajui kama leo ndo leo. Na mwalimu asiambiwe kilichotokea, hilo alilirudia. Akaniomba mimi nisome ile sura kwanza nimwambie inaanzia ukurasa gani inaishia wapi, atajisomea mwenyewe akitaka, au hatasoma.

Nimeisoma usiku. Ni ngumu hata kwangu. Nimeweka vipande viwili vya karatasi, pale inapoanza na pale inapokwisha.

Sasa nina maswali mawili. Mwalimu nimwandikie vipi, mimi kuongea ana kwa ana nitalia tu. Na akiganda tena akiwa darasani, mimi siko, afanye nini?

chaki_nyeupe
Vipande viwili vya karatasi, hiyo nitaiiba niitumie kwa wanafunzi wangu.

Kuhusu meseji, mwalimu anahitaji kujua afanye nini, hahitaji kujua kwa nini. Ukijieleza sana unampa kazi ya kukisia, na mwalimu akikisia ataongea na mwenzake ofisini. Fupi, bila kulaumu, yaani kama hivi:

"Habari za kazi mwalimu. Mimi ni mlezi wa fulani. Maudhui ya sura hii yanamgusa kwa sababu binafsi ambazo ameomba zibaki kwake, na ndiyo iliyomfanya akwame siku ile alipopangiwa kusoma. Somo analipenda na kazi zote atafanya. Naomba asipangiwe kusoma sura hiyo kwa sauti wala kuigiza. Naomba pia anijue mapema siku mtakayoirudia, na ikitokea amehitaji kutoka, atoke bila kuulizwa aende maktaba, atarudi mwenyewe. Tafadhali jambo hili libaki kati yetu. Nashukuru sana."

Hapo kwenye "anijue" nimekosea kuchapa, ni "ajue". Na kabla hujaituma mpe binti aisome, neno asilolitaka alifute. Akifuta nusu yake mwache.

Wenzake wakiuliza mbona hujasoma, awe na jibu lake la kawaida mfukoni, koo linauma, zamu yangu ilipita, chochote, watoto wakipewa jibu la haraka hawafuatilii.

Nanga
Nakazia hilo la kumpa aisome. Ukatili ule ulimnyang'anya uamuzi juu ya mwili wake, kwa hiyo kila kitu kidogo anachoamua sasa ni sehemu ya matibabu hata kama kinaonekana cha kijinga, kama kuchagua neno kwenye meseji.

Akiganda: kwanza miguu. Akanyage sakafu kwa nguvu, aisikie kabisa chini ya viatu. Ashike kitu chenye baridi au chenye mikwaruzo, chupa ya maji, ukingo wa dawati, funguo. Ataje kimoyomoyo vitu 5 anavyoviona, 4 anavyovigusa, 3 anavyovisikia, 2 anavyovinusa, 1 anachoonja. Akisahau mpangilio haina shida, lengo ni kurudisha macho na masikio kwenye chumba alichopo leo. Pumzi pia inasaidia, kutoa iwe ndefu kuliko kuvuta, ila kuna wanaozidi kubanwa wakianza kuisikiliza pumzi yao, akiwa hivyo aiache abaki na miguu na macho. Na hivi vitu vifanyiwe mazoezi nyumbani siku ametulia, mkipika, mkitembea, kwa sababu kitu kipya hakijifunzwi katikati ya hofu.

Kusoma ile sura nyumbani, akichagua kuisoma, iwe mchana na isiwe karibu na kulala, na uwepo ndani, si lazima ukae naye meza moja. Baada yake afanye kitu cha mwili, atembee, afagie, acheze muziki. Usimuulize umejisikiaje kila baada ya aya, wengi wanalichukia swali hilo.

Kitu kingine, sijui hali yenu lakini lazima nikiseme, kama huyo mtu bado anafika karibu naye kwa njia yoyote, ujumbe, misiba, harusi za ukoo, basi hofu yake si ya zamani ni ya leo, na hapo kazi ya kwanza ni ulinzi kabla ya kitabu.

Mama_Mlezi
Hafiki, hilo nilishahakikisha, na misiba ya upande ule naenda mwenyewe.

Meseji alifuta "somo analipenda", akasema mwongo huo 😅 akaweka "atajitahidi". Nimeituma. Mwalimu alijibu usiku, kifupi, kwamba amenielewa, wataimalizia Alhamisi, na hatampangia yeye wala mtu mwingine, atasoma mwenyewe. Akaongeza kwamba anasikitika kwa alivyomwambia siku ile. Nilimwonyesha binti akasoma mara mbili akanirudishia simu, hakusema kitu ila jioni alikula.

Mume wangu nimemsomea ile sehemu ya Nanga, ya kila mtu ana nusu. Kafurahia nusu yake, nyingine anaifikiria. Amejitolea kumpeleka Alhamisi asubuhi ili asipande gari na kelele za wenzake.

Sasa Nanga, hiyo tiba uliyoisema. Tulipo kuna mtu wa saikolojia hospitali kubwa, lakini nitajuaje kama anaweza hii kazi? Nisije nikampeleka akaambiwa aombe na asamehe.

siti_ya_nyuma
Au aambiwe asimulie yote siku ya kwanza. Mimi nilikutana na wa hivyo, sikurudi mpaka nilipopata mwingine.

Nanga
Swali zuri na una haki ya kuuliza kabla hujampeleka mtoto, mpigie au nenda peke yako kwanza. Muulize amefanya kazi na vijana waliofanyiwa ukatili au anapokea watu wazima tu. Muulize anatumia njia gani. Iliyochunguzwa sana kwa watoto ni tiba ya utambuzi na tabia inayolenga kiwewe, walioitengeneza ni Judith Cohen, Anthony Mannarino na Esther Deblinger, ni ya umri wa miaka 3 hadi 18 na kwa kawaida inachukua vikao 12 mpaka 25. Kuna pia EMDR, ile ya kufuatisha macho kitu kinachotembea huku mtu akishika kumbukumbu, Shirika la Afya Duniani limezitaja zote mbili kwa watoto na vijana tangu 2013. Kama hazijui kwa majina usimfukuze, sikiliza anavyoeleza hatua zake. Mtu mzuri atakwambia ataanza na kumjenga mtoto, usingizi, kutuliza mwili, kutaja hisia, na simulizi lenyewe linakuja baadaye mtoto akiwa na nguvu ya kulibeba. Akikwambia kikao cha kwanza tunatoa yote, ondoka.

Muulize na wewe mlezi una nafasi gani, kwenye hii tiba mlezi ana vikao vyake. Akisema we mlete tu usubiri nje mpaka mwisho, uliza tena.

Na usisubiri foleni ukiona mambo haya: anaongea habari za kufa au kwamba mngepumzika bila yeye, anajikata au kujiumiza, hali kabisa, anagawa vitu vyake anavyovipenda, au anapotea kabisa katikati ya maongezi hata nyumbani. Hapo ni siku hiyo hiyo, hospitali, na usimwache peke yake.

Mama_Mlezi
Hayo hakuna namshukuru Mungu, ila nimeyaandika pembeni. Kesho naenda kumwona huyo wa hospitali, peke yangu kwanza. Kuhusu rula siti_ya_nyuma, amesema rula ni ya watoto, atatumia kalamu nyekundu.